Kipande Safi

Watu wa kituo cha misitu walimwita Bi Msasa, na yeye aliitika bila kinyongo. Kutwa alisugua vipande vya miti kwa msasa, akianza na ule mkali unaokwaruza, akimalizia na ule laini kama karatasi, mpaka uso wa mti ung'ae na pete zake zijitokeze moja moja. Ulimi wake nao ulikwaruza, ila huo haukuwa na upande laini. Aliyemwendea na upuuzi asubuhi kabla hajanywa chai alijitakia mwenyewe.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa ujia. Zamani kilikuwa stoo ya viti vilivyovunjika, na viwili hakuna aliyekuja kuviondoa. Kulikuwa na meza nzito yenye jiliwa la kubania mbao, hadubini ya kurithi, chaki ya kupaka ili mistari ionekane, na vumbi ambalo mfagizi alishalishindwa, akaamua kufagia mpaka mlangoni tu.

Hasira yake ilianzia chuoni. Mwalimu alisimama mbele ya darasa akasema miti ya nchi za joto haina pete za mwaka. Haina baridi ya kuipumzisha, alisema, inakua tu mfululizo kama nywele. Pete ni mambo ya miti ya kwenye theluji. Yeye alikuwa amekulia kwenye kiwanda cha mbao, binti wa mpasua mbao, na mistari ile alikuwa ameiona kwenye kila ubao tangu hajajua kusoma. Akanyoosha mkono, akayasema hayo. Mwalimu akamuuliza kama baba yake naye ana shahada. Darasa likacheka.

Hasira ile hakuitua tena. Alihitimu nayo, akaajiriwa nayo, akaolewa nayo, na mumewe alijua kwamba nyumbani wanaishi watatu.

Lakini hasira si ushahidi, na hilo alilijua. Kuona mistari ni jambo moja, na kuthibitisha kwamba kila mstari ni mwaka ni jambo jingine. Kwa hiyo akachagua miti saba msituni, na kila mwaka kiangazi kilipokaribia kuisha, kabla mvua ya kwanza haijagusa ardhi, alikwenda na patasi akafungua kwenye gome la kila mti kidirisha kidogo, sawa na kiberiti. Mwaka uliofuata alifungua kingine pembeni yake, usawa uleule wa kifua, akilizunguka shina polepole. Mti huumia, hujifunika, husonga mbele na maisha yake, lakini kovu hubaki ndani na halifutiki. Siku mti ukikatwa usawa ule, makovu yote yanaonekana kwenye kipande kimoja. Ukikuta pete moja kati ya kovu la mwaka huu na la mwaka jana, basi pete ni mwaka, na kila mti mkubwa umeandika mvua na ukame wa tangu enzi za mababu. Mwaka aliojifungua kitinda mimba alikwenda na mtoto mgongoni. Hakuruka hata mwaka mmoja.

Kisha akaja Mkurugenzi mpya, na nyuma yake kampuni iliyoutaka msitu. Mpango wao ulisema ile miti mikubwa inakua haraka, kwa hiyo msitu ukivunwa leo, watoto wetu watavuna tena. Kamati ilikuwa ikae mwisho wa mwezi kuupitisha. Bi Msasa aliposikia hivyo aliomba kibali cha kukata mti mmoja katika ile saba yake.

Kibali kilitoka. Siku ya kukata, Mkurugenzi akamwita ofisini kwa jambo alilosema halingoji. Lilikuwa rangi ya kibao kipya cha getini. Walikaa mchana mzima wakijadili kijani kipi ni kijani cha misitu, naye akauma meno akijiambia kwamba angalau kazi iko mikononi mwa mdogo wake wa kiume, ambaye ndiye fundi mkuu wa msumeno kwenye kile kiwanda cha mbao, na ambaye alishamwambia mara tatu: niletee kipande cha usawa wa kifua.

Aliporudi alikuta kipande mezani, kizuri kama sahani ya harusi. Akakibana, akasugua siku mbili. Pete zikatokea. Akakigeuza upande wa kwanza, akakigeuza wa pili, akapaka chaki, akasogeza taa. Hapakuwa na kovu. Hapakuwa na hata alama ya kovu.

Hapo ndipo Mkurugenzi alipoingia na viatu vyake vinavyolia. "Umepata pete ngapi?"

"Hazina maana bila makovu."

"Nakuuliza ngapi."

Akamtajia, kwa kuwa ni bosi. Mkurugenzi akapima upana wa kipande kwa shubiri, akatabasamu. "Unene wote huu kwa pete chache hivi? Basi mti huu unakua mbio kuliko hata tulivyodhani. Asante sana, dada. Hii ndiyo sayansi ninayoitaka."

Alikuwa ni huyuhuyu aliyesema, wiki ileile, kwamba miti yetu haina pete. Leo zimemfaa, zipo. Bi Msasa alitazama mlango uliofungwa nyuma yake, akashika patasi, akairudisha mezani, akaondoka kabla mkono wake haujapata wazo jingine.

Alimkuta mdogo wake uani, amevua viatu, anakunywa maji. Wifi yake alikuwa anafua. Bi Msasa hakusalimu. Alijitupa kwenye kigogo kilichokuwa karibu na beseni, akaanza.

"Nilikwambia usawa wa kifua. Nilikwambia au sikukwambia?"

"Dada, shikamoo kwanza."

"Shikamoo yako weka mfukoni! Kile kipande umekitoa wapi?"

"Si palepale, juu yake kidogo tu." Fundi alitabasamu, maskini, akisubiri kusifiwa. "Cha usawa wa kifua kilikuwa kibovu, dada. Makovu matupu, kuzunguka shina zima. Nikasema haiwezekani, dada yangu anakwenda kukaa na wakubwa, nimpelekee uchafu ule? Nikakuchagulia kipande safi. Hakina kovu hata moja."

Wifi aliacha kufua. Alikuwa ameijua familia ile kwa muda wa kutosha kusogeza beseni.

"Makovu yale nimeyatia mimi!" Sauti yake iliwatoa majirani madirishani. "Kwa mkono wangu! Kila mwaka! Umeyatupa maisha yangu unaniletea sahani!"

Fundi akanywea. Tangu wangali wadogo, baba yao alimfundisha mtoto wa kiume kitu kimoja, kwamba ubao wenye kovu haumfikii mteja, na alimfundisha kwa makofi. Kijana alilishika somo lile kuliko sala zake. Dada mtu alilikumbuka hilo hata katikati ya hasira, na lilimuudhi zaidi, maana sasa alikuwa na wa kumlaumu kaburini pia.

"Kiko wapi? Umekichoma? Niambie tu kama umekitia kwenye tanuri."

"Sijakichoma."

"Kiko wapi?"

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe alikitazama kigogo.

"Wifi," alisema taratibu, "si umekikalia."

Bi Msasa alisimama kama aliyeungua. Kilikuwa kimelowa povu la sabuni na kimeanza kupasuka ubavuni, lakini kuzunguka ukingo wake makovu yalikuwepo, meusi meusi, yakipanda kama ngazi kutoka ndani kwenda nje. Akapiga magoti, akakipangusa kwa kanga yake. Akalia, na alivyokuwa analia aliendelea kumtukana mdogo wake, na mdogo wake aliitikia kila tusi kwa "ndiyo, dada."

Alikisugua siku zilizofuata mpaka pete zikatokea. Alichukua sindano, akaifuata kila pete kulizunguka shina, kutoka kovu hadi kovu. Pete moja, kovu. Pete moja, kovu. Alikuwa sahihi tangu siku ile darasani, na mwalimu aliyemdhihaki alishastaafu bila kujua. Ila alipoikaribia miaka ya karibuni, sindano ikakwama. Kovu la mwaka mmoja na kovu la mwaka uliofuata yalikuwa yamekaa kwenye mstari mmoja, na kati yake hapakuwa na pete. Mbele kidogo ikawa hivyo tena. Ilikuwa ile miaka mvua ilipogoma. Mti ulikuwa hai, majani ulitoa, alikumbuka kabisa kusimama kivulini pake. Lakini mwilini haukuongeza hata unywele.

Alizima taa ya hadubini. Pete hazikuwa chache kwa sababu mti unakimbia. Zilikuwa chache kwa sababu kuna miaka mti ulisimama.

Mbele ya kamati alikibeba kigogo mwenyewe, akakitua kwenye meza iliyong'arishwa. Kilinuka sabuni. Akawaonyesha makovu yaliyobanana, akawaambia kwamba mti wanaotaka kuuvuna ili uote tena umeanza kushindwa kukua, na msitu wakiukata leo hawataona mwingine. Aliyasema kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika.

Mkurugenzi alikunja mikono. "Mti mmoja. Labda ulikuwa mgonjwa."

Mwenyekiti wa kamati, mama wa makamo ambaye muda wote alikuwa ameinamia kigogo, aliinua kichwa. "Mpango usimame kwanza," alisema. "Umesema una miti mingine sita yenye alama hizi?"

"Ninayo."

"Tuletee na hiyo. Ikisema hivihivi, msitu hautaguswa."

Bi Msasa aliona maana yake: kuikata yote sita. Kisha akasema, kwa upole usio wake, kwamba anaweza kuitoboa kwa keekee, akatoa kijiti kidogo kwenye kila kovu, miti ikabaki imesimama.

"Kijiti kama penseli?" Mkurugenzi alicheka. "Hapana. Umetuonyesha mwenyewe, kitu kizima kinaonekana vizuri." Na wajumbe wakaitikia kwa vichwa, mwenyekiti naye akiwemo, kwa nia njema kabisa, na nia njema ile ndiyo iliyomchoma kuliko yote.

Walikwenda msituni wakati kiangazi kinaisha, siku zake zilezile za patasi. Mdogo wake alitangulia na msumeno begani. Kwenye mti wa kwanza kati ya ile sita aliweka chini mafuta, akavaa glavu, akamsubiri.

Bi Msasa alipapasa gome usawa wa kifua, akapita juu ya vidirisha vyake kimoja kimoja, vile vya zamani vilivyoziba na kile cha mwaka jana ambacho mti ulikuwa bado unahangaika kukifunga. Akatoa chaki, akachora mstari juu yake na mstari chini yake, akakandamiza mpaka chaki ikavunjika.

"Hapa," alisema. "Na ukinichagulia kipande safi, nitakukata wewe."

"Ndiyo, dada."

"Haya. Washa."

Fundi alishika kamba ya msumeno, akaiachia. "Dada, sogea basi."

Hakusogea. Mkono wake ulikuwa bado kwenye gome.