Kurasa Kumi na Nne za Rispa

Hutaamini, lakini ilitendeka hapa hapa Homa Bay, mchana kweupe: mtu amempoteza dada yake mara mbili kwa wiki moja.

Saa tatu asubuhi, Alhamisi, Septemba 1999. Levis Magige ameketi mbele ya kompyuta yake kuukuu, kwenye kibanda cha kupiga chapa nyuma ya soko la samaki. Wateja wawili wanangoja na barua zao za kuomba kazi. Levis hawaoni. Vidole viko juu ya kibodi, haviandiki kitu.

Ombui, fundi wa redio wa kibanda cha pili, anachungulia na kumtania kama kawaida kuhusu hiyo kompyuta. "Daktari, mgonjwa ameamka?"



Levis ana miaka thelathini na moja, mtu wa Kehancha. Siku nzuri kibanda kinampa shilingi mia tatu, analisha watoto watatu. Lakini kwa miezi mitano moyo wake ulikuwa kwa kazi nyingine: kuijengea hiyo kompyuta mfumo wa kuiendesha, yeye mwenyewe, kuanzia mwanzo kabisa.

"Unatenga sehemu ya diski, kama chumba umefunga," anaeleza. "Unajengea humo. Ukikosea, unabomoa chumba. Nyumba haiguswi."

Na nyumba haikufaa kuguswa, maana Rispa alikuwa ndani.

Rispa, dada yake, alikuwa mwalimu. Aliugua mwaka mzima. Alipojua haponi, akawa anakuja kibandani kila Jumapili, anasimulia maisha yake, Levis anapiga chapa. Yasomwe akizikwa. "Wengine watanisifu uongo," alimwambia akicheka. "Wewe andika vile nimesema."

Zikafika kurasa kumi na nne. Levis hakuzitoa kwa karatasi, wala kuziweka kwa diski nyingine. Kuzitoa dada akiwa bado anapumua, aliona ni kama kumchimbia kaburi.

Rispa akafa Jumatatu. Jumatano Levis akarudi kwa ujenzi wake. Mikono ikikaa bure, anasema, analia. Kazi ya wiki iliyopita ilikuwa imeharibika, akaamua kufuta chumba chote aanze upya.

Stima ikapotea, ikarudi. Mashine ikiwaka upya inasahau jina la chumba, lazima uitajie tena. Levis hakutaja. Akaiambia ifute, na bila jina la chumba, ikafuta nyumba, pamoja na zile kurasa.

"Niliona inachukua muda sana," anasema. "Hapo nikajua."

Jioni hiyo mama yao, Bathsheba, akafika kutoka Kehancha. Hajui kusoma. Akauliza kama maneno ya Rispa yako tayari.

"Yako, mama."

"Basi Jumapili nitamsikia tena," mama akasema, akaketi.

Levis bado anataka kumaliza mfumo wake, siku moja. Lakini wiki hii anataka tu kuandika, kwa mkono, kile anakumbuka. Mpaka sasa ni kurasa tatu, na hana hakika ni wapi Rispa anaishia na yeye anaanzia.

Mazishi ni Jumapili hii. Ungekuwa wewe, ungezisoma hizo tatu kama maneno ya Rispa, mama apumzike, ama ungemwambia?