Siku Nilipoishusha Faharasa ya Bukavu

Bora niseme mwenyewe, maana wenzangu wa ofisini wanalisimulia jambo hili vibaya zaidi.

Baada ya vita nilitoka Bukavu nikarudi Cyangugu, nikapewa kazi ya kutunza seva ya kutafutia watu waliopotezana. Kila mji ulikuwa na faharasa yake ya majina. Asubuhi moja tulitarajia wageni wakubwa na mashine ilikuwa inajikokota, basi nikaishusha faharasa ya Bukavu, iliyokuwa nzito kuliko zote, nikaitoa mashinini kwa muda. Mashine ikakimbia. Nikasahau kuipakia tena.

Wageni wakiwa wamesimama nyuma yangu, akaingia maman mmoja wa kisiwa cha Nkombo na jina la binti yake. Nikabofya kwa madaha.

"Hayuko, Maman."

"Tafuta tena, papa. Alikuwaka Bukavu."

"Mashine haina makosa. Muntu asipokuwa humu, hayuko."

Akaanza kulia. Mkuu wangu, aliyesimama na wageni, akakunja uso. "Andika jina yako. Si na weye tulikuandika ulipotoka Bukavu?"

Nikaandika kwa kujiamini. Skrini ikajibu: hakuna.

Maman akanitazama kwa huruma. "Pole, papa. Kumbe na weye banakutafuta?"

Ndipo nikakumbuka; nikaipakia faharasa, nikaandika majina upya. Tukatokea wote wawili, binti yake na mimi.