Shangazi Aalikwa Kucheza

Kadi yenyewe ilikuwa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, mwandiko unapanda mlima: "Shangazi, Jumamosi natimiza miaka minane. Uje na nguo za kuchezea. Usije na za kukaa."

Shangazi aliisoma akiwa ndani ya kibanda cha kreni, urefu wa ghorofa kumi na mbili kutoka ardhini. Alicheka peke yake mpaka fundi wa chini akamwita kwenye redio ya mkononi, kwa jina walilompa kazini.

"Mawingu, kuna nini huko?"

"Nimealikwa bethdei."

"Sasa ndiyo ucheke hivyo?"

"Hujaelewa wewe. Watu wazima wenzangu wamealikwa kula. Mimi nimealikwa kucheza!"

Wiki hiyo wenzake walikoma. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mwembamba, mikono imekaza, na kwa miaka kumi na saba kazi yake ilikuwa kupandisha nondo na zege majengo yakiota chini yake. Kazini hakuwa na mzaha. Mzigo ukiwa hewani, hata salamu hakuitikia. Lakini Ijumaa, saa ya chakula, vibarua walimkuta nyuma ya stoo ya saruji amevaa raba mpya, anakimbia na kusimama ghafla, anakimbia na kusimama ghafla.

"Najaribu kama zinateleza," aliwaambia, wala hakuona haya.

Mwenye bethdei alikuwa mtoto pekee wa mdogo wake wa kiume. Nyumbani walimwita Chiriku, kwa sababu tangu ajue kusema hakuwahi kufunga mdomo.

Jumamosi Shangazi alitoka kazini saa saba, akaoga mbio mbio, akavaa suruali ya michezo, na saa nane kasoro alikuwa anagonga mlango wa mdogo wake. Sherehe ilikuwa saa tisa. Wifi yake alifungua huku puto limemning'inia mdomoni.

"Wifi! Hata viti hatujapanga!"

"Lete hilo puto. Pumzi ninazo."

Alipuliza maputo arobaini bila kupumzika, mengine yakampasukia usoni. Watoto walipoanza kuingia, kumi na wanne kwa hesabu, walimkuta katikati ya ua anapanga viti vya kugombania muziki ukizimwa. Akacheza nao. Walitolewa mmoja mmoja, wakabaki wawili: yeye na msichana wa miaka sita asiye na meno ya mbele. Muziki ukakatika. Wote wawili wakakivamia kiti kilichobaki.

"Nimetangulia mimi!" alipiga kelele Shangazi.

"Dada, umemkalia mtoto," alisema mdogo wake, aliyekuwa mwamuzi.

"Kwani nimemuumiza? Mwulize!"

"Nimefinda mimi!" alisema kibogoyo kutoka chini yake, na ua mzima ukaangua kicheko.

Koo lilikuwa limemkauka, akaingia sebuleni kutafuta maji. Humo walikaa watu wazima, sahani mapajani, wanazungumzia bei ya viwanja. Dada mkubwa wa wifi yake, mama mwenye hereni nzito, alimtazama kuanzia raba mpaka jasho la kipaji cha uso.

"Unawaweza hao watoto, wifi. Na wako wapo wangapi?"

"Sina."

Mama akashusha sauti, kama watu wanavyofanya chumba cha mgonjwa. "Mungu atakupa tu."

"Nina miaka arobaini na tisa, dada. Akinipa leo, nitamwuliza kama hajakosea nyumba."

Wifi yake, aliyekuwa anapita na trei, alicheka mpaka soda zikamwagika. Mwenye hereni alisita, kisha naye akashindwa kujizuia.

Jibu lake halikuwa dharau. Shangazi aliwahi kuolewa, na kwa miaka tisa alisubiri. Alijua mabenchi ya hospitali na harufu zake. Ndoa ilipokwisha alilia kilio chake chote, kikaisha. Alichobaki nacho moyoni siku hizi hakikuwa jeraha, ila watu walikuwa wanaendelea kumletea bendeji. Angewaelezaje hata hilo? Na nafasi ya kueleza hakuipata, maana Chiriku alikuwa mlangoni anarukaruka.

"Shangazi! Tunajificha! Mimi ndiye mtafutaji, nahesabu mpaka hamsini, haraka!"

Maji yakabaki mezani.

Watoto walitawanyika kama mbegu: chini ya meza, nyuma ya mapipa, ndani ya kabati la viatu. Shangazi alizunguka nyuma ya nyumba. Pale palikuwa na ngazi ya chuma iliyopigiliwa ukutani, ya kupandia kwenye paa bapa la jiko lenye tangi la maji. Alipanda bila kugusa ukuta, akajibanza nyuma ya tangi, moyo unamdunda kama ameiba.

Kutoka juu aliona kila kitu. Alimwona mdogo wake akichota sukari ya keki kwa kidole na kuziba shimo kwa kijiko. Aliona watoto wakikamatwa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akijiunga kumtafuta. Mwisho wakabaki kumtafuta yeye tu. Wakafunua mapazia, wakachungulia uvunguni, wakafungua hata mfuniko wa ndoo ya nguo chafu. Robo saa ikapita. Wifi akaanza kuulizia kama ameondoka. Kule juu Shangazi amejiziba mdomo kwa viganja viwili, machozi ya kicheko yanamtiririka.

Ndipo Chiriku akasimama katikati ya ua na kuinua mkono.

"Nyamazeni!" Kwa mara ya kwanza siku hiyo naye akanyamaza. Akafikiri. "Nyinyi mnatafuta chini. Shangazi hafanyi kazi chini."

Akainua uso polepole, macho yakapita dirishani, yakapita ukingo wa paa, yakatua kwenye tangi.

"Nimekuona!"

Shangazi hakuwa amejitokeza hata unywele. Alitoka mwenyewe, mikono juu. Watoto kumi na wanne walitafuta mtu mzima. Huyu mmoja alimtafuta yeye.

"Nataka kupanda!" Chiriku alikuwa tayari ameshika ngazi.

"Shuka hapo!" alifoka mama yake.

"Wifi," Shangazi aliita kutoka juu, "hapa pana ukingo unaomfika kifuani. Mimi napandisha tani tatu za chuma kila siku, sijaangusha hata msumari. Nitashindwa na kilo ishirini na tano?"

Wifi alimtazama mumewe. Mumewe alijifuta sukari midomoni, akasema, "Mimi nitakaa nyuma yake kwenye ngazi."

Chiriku akapanda, baba nyuma, mkono wa shangazi ukimpokea. Alipotokeza juu aliona mabati ya mtaa mzima, kamba za nguo, paka amelala juu ya gari la jirani. Akafungua mdomo, lakini hakikutoka kitu. Kisha vikatoka vyote kwa pamoja, na hakuna aliyeelewa neno. Chini, watoto walikuwa wameshapanga foleni. Shangazi aliwapandisha mmoja mmoja, amri zake fupi kama za kiwanjani: shika, simama, usinisukume. Keki ilicheleweshwa saa nzima.

Ilipokatwa, Chiriku alimlisha baba, akamlisha mama, halafu akamsukumia Shangazi pande lililomjaa mpaka puani. Muziki ukawashwa, wakacheza mpaka wazazi wa watoto walipoanza kuwachukua kwa nguvu.

Jumapili asubuhi Shangazi alijaribu kuinua mguu avae sketi, mguu ukakataa. Mapaja, mgongo, hata vidole vilimuuma. Alikaa kitandani anacheka mwenyewe, simu ikalia.

"Shangazi, umeamka? Leo tunacheza saa ngapi?"

"Nipe dakika kumi, mwanangu," alisema, akinyoosha mkono kuzifikia raba.