Nilimsingizia Mtunza Silaha kwa Bastola ya Bakule Wangu

Nilimshuhudia mtu uongo, tena mbele ya watu. Mimi ni mzee wa kanisa, na amri inayokataza jambo hilo nimewafundisha watoto wa wengine kwa miaka mingi. Kwa hiyo sina pa kujifichia.

Nilikuwa msimamizi katika shamba la chai mpaka nilipostaafu, na huko ndiko nilikojifunza kulenga shabaha kwa bastola ya hewa. Inarusha risasi ndogo kama punje ya mtama, nasi katika klabu yetu tunaangusha vibao vitano vya chuma ndani ya sekunde kumi. Namshukuru Mungu kwamba kwa umri huu mkono wangu bado hautetemeki.

Bastola yangu ya zamani ilikuwa ya risasi moja moja. Kabla sijaijaza tena, wenzangu walikuwa wamemaliza. Nikaanza kutafuta ya risasi nyingi, ya bei ambayo mstaafu anaiweza. Ziko za hewa ya kujazwa kwa pampu, nazo ni ghali. Ziko pia za chupa ndogo ya gesi, nazo ni nafuu.

Mtunza silaha wa klabu yetu alikuwa Odhiambo. Alitoka upande wa ziwa akiwa kijana, akaja kufanya kazi katika kiwanda cha chai, na ndiye aliyekaa na ufunguo wa kabati tunamofungia bastola zote. Yeye alinionya.

"Mzee, ya gesi kwa hii baridi yetu ni shida. Ukipiga haraka haraka inapoa kama imetoka kwa friji. Risasi ya nne na ya tano zinaanguka chini. Ngoja kidogo, utanunua ile ya hewa."

"Nitangoja mpaka lini, Odhiambo? Mpaka ufufuo?"

"Huko sidhani wanaruhusu bastola, mzee."

Tulicheka, na nikapuuza.

Bakule wangu wa Kapsoit alikuwa na bastola ya gesi, ya risasi tano, anaiuza. Kwa msiojua mila yetu sisi Wakipsigis, bakule ni yule mliyetahiriwa pamoja, mkakaa kambi moja mpaka mkapona. Baada ya hapo ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Kumwambia bakule athibitishe neno lake ni kumtukana.

Ng'ombe wa mtu baki sinunui mpaka nimwone akikamuliwa jioni na asubuhi. Lakini kwa bakule nilitosheka kuonyeshwa mara moja, saa saba mchana, jua likiwaka.

Alipiga ya kwanza, kibao kikaanguka. Akaniuliza habari za ng'ombe wangu. Akapiga ya pili, kikaanguka. Akaniuliza kama mchungaji mpya anahubiri vizuri. Hivyo mpaka ya tano, mazungumzo katikati ya kila risasi.

"Umeona, bakule? Haikosi."

"Nimeona."

Tulihamisha kibali kwa polisi kama sheria inavyotaka, nikampa Odhiambo aifungie. Mazoezi niliyafanya mara mbili tu, mchana, polepole, ili mkono uizoee. Kisha tukaenda mashindanoni Londiani.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa chini na pumzi zetu zilionekana. Vibao vitatu vilianguka. Risasi ya nne iligonga mbao chini ya kibao, na ya tano ikaingia udongoni. Raundi ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya tatu mbaya zaidi. Timu yetu ikawa ya mwisho.

Nilikumbuka maneno ya Odhiambo, Mungu ni shahidi. Lakini kuyakubali kulimaanisha kwamba bakule alinidanganya, na moyo wangu ulikataa. Nikatafuta mwingine wa kulaumu.

"Bastola ilitoka kwa bakule wangu ikiwa nzima," nikasema kwa sauti, nikimnyooshea Odhiambo kidole. "Huyu ndiye anakaa na ufunguo. Muulizeni ameifanya nini."

"Mimi, mzee?" Odhiambo akasema. "Mimi?"

Nani angemwamini yeye, mgeni wa kutoka ziwani, aniache mimi, mzee wa kanisa? Wiki ile kamati ilimnyang'anya ufunguo. Hata kiwandani wakaanza kumwita fundi wa gesi, wakicheka. Baadaye nikasikia amehamia kazi upande wa Sosiot.

Miezi ilipita. Siku moja nilikuwa kwa bakule tukinywa chai, nikamlalamikia kwamba ile bastola inaniaibisha. Akacheka.

"Hiyo? Hata mimi ilinishinda. Ukipiga upesi inalala. Unafikiri siku ile nilikuwa nakuuliza habari za ng'ombe kwa nini? Nilikuwa naingoja ipate joto."

"Na hukuniambia?"

"Kwani uliniuliza, bakule?"

Nikaweka kikombe chini. Alijua kwamba sitauliza. Heshima yangu kwake ndiyo aliyoitumia kuniuzia.

Nilimfuata Odhiambo huko Sosiot, nikamkuta anaosha gambuti mlangoni pake. Alinipa kiti. Nilimweleza yote, nikamwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, mzee. Lakini ile siku ulisema mbele ya watu wote. Leo umekuja peke yako."

Jumamosi iliyofuata nilisimama klabuni, nikataja kosa langu. Mwenyekiti alitaka tufunge kwa sala upesi. Nikamwomba angoje nimalize. Kamati ikampigia Odhiambo simu arudi kutunza silaha. Alishukuru, akakataa.

Hapa sitaji jina langu kwa ajili ya watoto wa bakule, ambao hawana kosa. Klabuni nilishalitaja.

Msomaji, ukitaka bastola ya risasi nyingi kwa mashindano ya kasi, piga risasi zake zote mfululizo, asubuhi ya baridi, kabla hujailipia. Ukiona haya kumjaribu muuzaji kwa sababu ni ndugu, usinunue kwake. Na ndugu akikudanganya, usimtafute mgeni wa kumbebesha aibu yako. Bakule alinisaliti mimi. Mimi nilimsaliti mtu pekee aliyekuwa ameniambia ukweli, na nimezeeka nisijue namna ya kumrudishia kazi aliyoipenda.