Nibu Isiyolia

Wenzangu, leo nibu mpya ya kalamu yangu imenikosanisha na mama wa watu.

Niliichagua dukani hapa Lodwar kwa sababu inateleza, na mimi huandikia watu barua upesi.

Mama huyo alikuwa akimwita kwa barua mwanawe aliyeko Kakuma aje nyumbani, kwani baba wa kijana ni mgonjwa. Lori la kupeleka barua lilishawasha injini.

Alipomaliza kusema, nami nikamaliza kuandika.

"Mzee, hujaandika. Sijasikia kitu."

Nikamsomea yote.

"Hayo umeyakumbuka tu. Kalamu yako ya zamani ilikwaruza, nikajua maneno yanaingia."

Nikaitoa ile kuukuu, nikaongeza chini salamu kutoka kwa mbuzi wake, nibu ikikwaruza krwa krwa. Akatega sikio.

"Sasa yameingia."

Barua ikapanda lori.

Niambieni basi: upesi wa barua uko kwenye nibu, au kwenye sikio la mama?