Ua Lisilo na Kikonyo

Adimini, jina langu lifiche, hata herufi ya kwanza usiweke, maana mji wetu mdogo na midomo mikubwa. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili, mjane, meno ya mbele ninayo yote, na nataka kuoa. Msicheke. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo nikikosea herufi nisameheni, naandika kwa kidole kimoja.

Kazi yangu ilikuwa kushona mifarishi, ile ya kutandika vitanda vya maharusi, tabaka mbili za kitambaa na pamba katikati. Maua yake nilikuwa nayo kwenye karatasi ya khaki niliyoitoboa kwa sindano. Unaiweka juu ya kitambaa, unapitisha kitambaa kidogo chenye unga wa chaki, ukiinua unakuta asumini zimejichora, unazifuata na cherehani. Siku moja kaa la moto likaruka kutoka kwenye pasi likachoma karatasi, ua moja likakosa kikonyo. Kwa uvivu wangu sikutoboa karatasi nyingine. Kila mfarishi niliotoa, ua la tatu kutoka ukingoni lilikaa hewani kama talaka. Wateja wakidhani ndiyo mtindo.

Mwenzangu wa kazi nitamwita Kombo, si jina lake. Tulikaa kibaraza kimoja miaka kumi na mbili. Mwishoni mwa miaka ya tisini akaniambia, "Sheikh, kuna maonesho ya mashine za mifarishi Guangzhou. Mwaka jana nilipita peke yangu. Safari hii twende ukaone, usife mshamba."

Tukaenda. Tulilala nyumba ya wageni jirani na stesheni, upande wa Liuhua, asubuhi tukaingia ukumbini. Wallahi nilichoka. Mashine ndefu kama vitanda vinne, sindano zinajipigia zenyewe, mwenyewe kakunja miguu anakunywa chai. Nikasema, "Kombo, sisi tumekwisha." Akacheka, lakini cheko lake halikufika machoni.

Kila nikitaka kuingia safu ya kushoto, ananivuta kulia. "Huko ni mashine za soksi." Mara ya tatu nikajiuliza, huyu soksi zinamtisha nini? Nikamponyoka nikaenda.

Hapakuwa na soksi. Palikuwa na mashine inatoa mfarishi wa rangi ya waridi, umejaa asumini. Nikahesabu kutoka ukingoni. Moja, mbili, la tatu halina kikonyo. Nikahesabu tena upande wa pili, vilevile. Mashine ya Mchina inashona kaa la pasi yangu!

Dada aliyekuwa kibandani alipomwona Kombo nyuma yangu akatabasamu kwa meno yote. "Pengyou! Pengyou!" Yaani rafiki.

Nikamgeukia. "Anakujua?"

"We mzee, huku kila mtu pengyou. Jana muuza ndizi hakukuita hivyo?"

Kweli, aliniita. Nikamwonesha dada yule ua kwa kidole, nikafanya ishara limetoka wapi. Akamtazama Kombo kwanza, ndipo akanijibu, "Meiyou, meiyou," hakuna, hakuna. Sasa nawauliza, mtu asiyejua kitu anamtazama mwenzangu ya nini?

Adhuhuri ikaingia. Kombo akatandika kitambaa kwenye kona, akasali. Nami, Mungu anisamehe, alipoingia sijda nikapekua mkoba wake. Nikakuta kadi ya kibanda kilekile, imekunjwa mara nne, imechakaa pembe. Kadi ya siku ile haichakai hivyo. Lakini yeye mwaka uliopita alikuwa huko, na kadi huzoa kama mtoto azoavyo zambarau. Na kweli aliwahi kuiazima ile karatasi yangu siku mbili, akisema anataka kunakili ukingo. Hata hivyo mifarishi yangu imelaliwa na nusu ya mji, yeyote angeweza kuubeba mmoja. Marehemu mke wangu alinipigia kelele hilo, nisimhukumu mtu bila hakika, mpaka anaingia kaburini.

Sikumuuliza Kombo. Tuliporudi nilihama kibaraza. Mifarishi ya mashine ikajaa madukani, mimi nikageuka fundi wa kupunguza suruali. Harusi zake sikwenda, msiba wa mamake nilikaa mlangoni, chakula chake sikuonja tena. Watu wakiniuliza, nasema tumbo.

Sasa balaa. Mwanamke ninayemtaka ni dada yake Kombo, mjane kama mimi, mcheshi, anapika pweza wa nazi unasahau umri. Baba yao hayupo, kwa hiyo wa kumwozesha ni Kombo. Nimemposa, bibi kaniambia kwa upole, "Bwana, mimi sikatai. Lakini sitaki mume wa kumnunia ndugu yangu sahani kwa sahani. Kakukosea nini? Niambie, au kamwambie yeye, kabla ya Ijumaa."

Nikamwambia tumbo. Akaniambia nikamwoe daktari.

Juzi kaniletea salamu za kaka yake, neno kwa neno: "Mwambie aje aniulize. Miaka yote hii namngoja aniulize."

Hapo ndipo usingizi uliponiruka. Mtu safi angengojaje swali asilolijua? Lakini mwizi naye, angeliita?

Nikimuuliza, lazima nieleze kadi niliiona wapi, na yeye alikuwa katika hali gani. Akiwa ndiye, nitaozeshwa na mtu aliyeniua njaa. Akiwa siye, nimemdhulumu miaka ishirini na kitu, na dada yake atanitazama kwa jicho gani?

Haya, nyinyi wenye akili na bando, niende au nisiende? Ijumaa ni keshokutwa. Na asiniambie mtu nisali istihara. Nimeisali, nikasinzia katikati.