Goti Langu na Mashine Isiyotoa Chochote

Kwa miezi mitatu nilikuwa nalala kwenye kitanda cha chuo kikuu, napakwa mafuta ya baridi gotini, halafu napigwa na mashine ambayo ilikuwa haitoi chochote.

Taa iliwaka. Mlio ulisikika. Nguvu haikuwemo.

Na nikapona.

Sizungumzii nafuu ya kujipa moyo. Nilipona mpaka nikasahau ni goti lipi lilikuwa bovu. Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi, maana huko mbele mimi mwenyewe niliishiwa kicheko.

Naitwa Jucélia. Nimezaliwa na kukulia Penha, hapa Rio, chini kabisa ya kilima, pale barabara ya magari inapoishia na ngazi zinapoanzia. Mama yangu, Dona Zulmira, anapika chakula cha mchana na kuuza. Wali, maharage meusi, kuku, unga wa muhogo wa kukaanga. Wateja wa chini wanakuja dirishani. Wa juu wanapelekewa.

Mpelekaji nilikuwa mimi.

Mfuko mkono huu, mfuko mkono ule, ngazi mpaka kwenye tangi la maji huko kileleni, kisha nateremka kuchukua mingine. Kila siku, tangu nikiwa shule. Wala sikuwahi kuona kuwa nafanya kazi nzito. Kwetu kupanda ngazi ni kama kupiga mswaki, nani anakaa akalihesabu hilo?

Nilichokihesabu ni kukimbia. Kabla jua halijachomoza nilikuwa barabarani. Kuna klabu moja ya riadha ilikuwa inatafuta wanawake wawili wa mbio ndefu, majaribio mwezi wa kumi na moja. Mshahara, bima ya afya, viatu. Kwa mtu wa kwetu, hiyo ni kuzaliwa upya.

Kocha wao, Valdeci, alishaniona nikikimbia.

"Pumzi unayo, roho ya mashindano unayo," akaniambia. "Ila hilo goti, binti. Siwezi kumpelekea bosi mchezaji anayechechemea."

Hilo goti. Maumivu yalikaa mbele, nyuma ya pia ya goti, kama mtu ameacha changarawe humo ndani. Nikikaa sana kwenye basi, linauma. Nikichuchumaa, linauma. Nikiteremka ngazi ndiyo usiseme, nilikuwa nashuka kiubavu kama kaa.

Dada mmoja tuliyekuwa tunakimbia naye akanitonya kuwa kuna chuo kikuu kinatafuta wakimbiaji wenye maumivu ya goti kwa ajili ya utafiti. Bure kabisa.

Nikaenda.

Mkubwa wa utafiti alikuwa Profesa Heloísa Travassos, mama mrefu, mpole, anayekusikiliza huku macho yake yakiwa kwenye kompyuta. Aliyekuwa akitushika magoti ni mtaalamu wake wa viungo, kijana anaitwa Tadeu, mcheshi kinoma.

Wakanibandika vidude vinavyong'aa miguu yote. Wakanikimbiza kwenye mkanda unaozunguka. Wakaniambia nishuke kutoka kwenye kiboksi cha mbao, polepole, huku kamera zinanizunguka kama bibi harusi.

Kiboksi kimoja. Kimo cha ngazi moja tu.

Halafu maswali. Unavaa viatu gani, unakimbia kilomita ngapi kwa wiki, kwenye lami au mchanga, unacheza mchezo gani mwingine. Nikajibu yote kwa uaminifu. Mchezo mwingine sina.

Profesa akaeleza kuwa baadhi yetu tutapigwa mawimbi ya sauti gotini na mashine ya kweli, wengine mashine itakayoigiza tu, na hakuna atakayejua yuko wapi mpaka mwisho. Tukakubali. Mimi nikajisemea moyoni, wa kuigiziwa atakuwa mtu mwingine.

Wiki hiyohiyo mama akaniita jikoni.

"Jucélia, wa juu wametuacha."

"Wametuacha vipi?"

"Kuna mwanamke amefungua jiko karibu na tangi. Anauza rahisi. Utawalaumu?"

Nikavua aproni. "Napanda nikamwone huyo mwanamke."

"Ukafanye nini, mkapigane?" Mama hakuinua hata macho, alikuwa anachambua maharage. "Una miezi michache tu ya kujiandaa. Valdeci si alisema chumba cha vyuma kinakuwa kitupu saa za mchana? Nenda huko. Hapa dirishani nitauza mwenyewe."

Basi nikaenda. Nikamtukana yule mwanamke wa kileleni kwa matusi yote ninayoyajua, huku nikinyanyua vyuma. Mchana wangu ukawa klabu, au chuo kikuu kwa Tadeu, na kurudi nyumbani ni alasiri.

Na goti likaanza kutulia.

Kwanza nikakaa kwenye basi bila kunyoosha mguu. Kisha nikachuchumaa kufunga kamba za viatu, nikajikuta nimeinuka bila kushika ukuta. Nikamwambia Tadeu, akafurahi kuliko mimi.

"Mashine hii ni noma," nikasema.

"Mimi sijui kitu, dada," akajibu. "Mimi nabonyeza tu."

Wakati mimi napona, mama akaanza kuharibika.

Nilirudi siku moja nikamkuta amekaa, miguu ndani ya beseni la maji ya barafu. Magoti yote mawili yamevimba kama mikate, na ngozi imechubuka vibaya.

"Mama, nini hiki?"

Akaongeza barafu kwenye beseni.

"Nimemwekea Bikira nadhiri," akasema mwishowe. "Upone, upate hiyo klabu. Nimeanza kulipa."

Nikaelewa mara moja. Hapa kwetu kila mtu angeelewa. Kanisa la Mama Yetu wa Penha liko juu ya mwamba, na mwenye nadhiri hupanda ngazi zake kwa magoti, moja baada ya nyingine, mpaka mlangoni. Tangu utotoni nimewaona watu wanafika pale wanatoka damu huku wanatabasamu. Na mwezi wa kumi, mwezi wa sikukuu yenyewe, ulikuwa umeanza.

Nilichemka.

"Yaani mimi nahangaika na magoti chuo kikuu, wewe unakwenda kuyasaga ya kwako kwenye mawe?"

"Ni magoti yangu."

"Huyo Bikira amekuomba? Au umeamua tu kujionyesha kwa majirani?"

Mama akakanda goti lake. Hakunipinga hata kidogo. Kwa mama yangu, ambaye hubishana hata na redio, hilo lilipaswa kunishtua.

Nikamkokota mpaka chuo kikuu. Nikamwambia Profesa, tafadhali, mtazame na huyu, ana magoti kama yangu, mabaya zaidi.

Profesa akamwangalia kwa huruma ya kweli, siwezi kumsingizia.

"Dona Zulmira, utafiti wetu ni wa wakimbiaji," akasema. "Wasiozidi miaka arobaini."

"Basi nianze kukimbia?" mama akauliza.

Wote wakacheka, na mama akacheka nao. Wakamwandikia apange foleni kwenye zahanati ya serikali. Foleni hiyo ukiingia kijana unatoka mzee, sasa fikiria aliyeingia mzee.

Mwezi wa kumi na moja nikakimbia majaribio. Sitatia chumvi, sikuwa wa kwanza. Nilikuwa wa pili, na walihitaji wawili. Valdeci alinikumbatia mpaka kofia yake ikaanguka. Nikafika nyumbani napiga kelele, mama akajaribu kuinuka anikumbatie, akashindwa, akanikumbatia kiunoni akiwa kitini.

Nikalia kwa furaha. Mjinga mimi.

Utafiti ulipoisha, Profesa akatuita wote. Kahawa, mikate ya jibini, picha za rangirangi ukutani. Akasema kwamba waliopigwa na mashine ya kweli walipata nafuu, na walioigiziwa nao walipata nafuu ileile. Kwa kifupi, mashine haina maana.

Kisha kila mmoja akaambiwa alikuwa upande gani.

Mimi nilikuwa wa kuigiziwa.

Ukumbi mzima ukanicheka, maana nilikuwa mhubiri mkuu wa ile mashine. Nikacheka pia, lakini nilijisikia kama niliyevuliwa nguo.

Profesa akanifuata na kikombe chake.

"Jucélia, wewe ndiye uliyepona kuliko wote. Hakuna kitu kilichobadilika maishani mwako katika ile miezi?"

"Hakuna," nikasema. "Labda niliacha tu kupandisha chakula."

Tadeu aliyekuwa anatafuna akaacha kutafuna. "Chakula gani?"

"Cha mama. Nilikuwa napeleka kileleni kila mchana."

"Kwa lifti?"

"Lifti ya wapi, wewe? Kwa ngazi."

Wakatazamana.

"Na hukutuambia?" Profesa akauliza taratibu.

"Mliniuliza michezo."

Tadeu akakaa chini. Akanieleza, bila utani safari hii, kwamba goti la aina yangu huchoshwa na ngazi kuliko hata mbio, kupanda na mzigo, na zaidi kuteremka. Mashine haikuniponya. Niliponywa na kutopanda.

Nikatoka pale. Na unajua niliwaza nini? Nikawaza yule mwanamke wa kileleni aliyetuibia wateja. Kumbe ndiye aliyenipatia klabu, na mimi nimemtukana miezi yote. Nikapita kwa muuza keki, nikanunua keki ya mahindi nimpelekee.

Nikapanda. Goti halikulalamika hata mara moja.

Pale kwenye tangi nikamkuta Seu Ademar, mzee fundi viatu, mteja wetu wa zamani, amekaa mlangoni kwake anagonga soli.

"Shikamoo, Seu Ademar. Namtafuta yule mama mwenye jiko jipya."

"Jiko gani?"

"La chakula. Mliyehamia kwake."

Akaniangalia juu ya miwani. "Huku juu hakuna jiko jipya, mjukuu wangu."

"Sasa nyie mnakula wapi?"

Akainamia soli yake. Akagonga msumari ambao tayari ulikuwa umezama.

"Seu Ademar."

"Alituapisha," akasema. "Mtaa mzima. Alisema atakayemwambia Jucélia hatakula tena chakula chake."

Keki ilikuwa inaning'inia mkononi. Sikujua niiweke wapi.

"Alikuwa anapanda mwenyewe?"

"Kila siku. Akishika ukuta, akipumzika pale, na pale, na pale. Siku moja akaanguka kwa magoti kwenye ile ngazi iliyovunjika, maharage yote chini. Tukamwambia acha, tutakula mkate. Akateremka kuleta mengine."

Akavua miwani.

"Amekuja hivyo mpaka mwezi uliopita. Siku ya majaribio yako hakuweza tena. Sasa hatumwoni."

Nikateremka. Sikumbuki ngazi hata moja.

Mama alikuwa dirishani, kwenye kiti, anafunika masufuria. Aliponiona na ile keki akajua. Mama zetu wanajua tu.

"Hakuna jiko juu," nikasema.

"Hakuna."

"Na kanisani?"

"Sijakanyaga mwaka mzima. Bikira nimemsingizia. Atanielewa, na yeye ana mtoto."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Basi," akasema, akafunika sufuria ya mwisho.

Nilitaka kumpigia kelele. Nilitaka kupiga magoti mbele yake. Nikabaki nimesimama kama nguzo ya umeme, nimemkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu duniani, na sina mtu mwingine ninayempenda kama yeye.

Leo nipo klabu. Nina bima, lakini bima ni ya kwangu peke yangu, mzazi hayumo. Nina mtaalamu wa viungo ambaye amenikataza ngazi zozote zisizo za lazima, kwa hiyo chakula cha kileleni hakipandi tena. Daktari wa zahanati amesema gegedu za magoti ya mama zimekwisha, asubiri kupasuliwa. Tunasubiri. Kutoka kitandani hadi dirishani anatumia fimbo.

Utafiti ulichapishwa. Tadeu alinionyesha. Wameandika kuwa wagonjwa walioigiziwa walipata nafuu kutokana na muda na matumaini. Nilimrudishia bila kumalizia kusoma. Tadeu anasema utafiti ujao watauliza habari za ngazi. Vizuri. Wakaulize.

Mimi nilifundishwa jambo moja, na nililifundishwa nimechelewa. Ukiona mzigo wako umekuwa mwepesi ghafla na hujui kwa nini, usikimbilie kumshukuru daktari wala mashine. Rudi nyumbani kwanza, uangalie nani ameanza kuchechemea.